Gari Limewaka Tena, na Hilo Ndilo Lililonisumbua

Nilikuwa nimechomoa soketi ya nyaya za distributa, kile kifaa kinachogawa cheche kwenye plagi, ili niweke mita. Nikapima, nikairudishia, kisha nikageuza ufunguo kwa mazoea tu. Injini ikawaka. Ikatulia kwenye sailensi, yaani inanguruma bila kukanyagiwa mafuta, sindano ya mizunguko ikakaa kwenye 800 bila kutetereka, hakuna kumisi, hakuna harufu ya petroli. Muda mfupi kabla ya hapo gari hilohilo lilikuwa limegoma katakata: stata inazungusha, injini inazunguka, lakini haina hata dalili ya kutaka kuwaka.

Mtoto wa jirani aliyekuwa ananishikia tochi akaruka. "Mjomba, umelitengeneza!"

Sikuwa nimetengeneza kitu.

Nilifunga boneti, nikanawa mikono, na kwa wiki kadhaa nikaendesha gari ambalo kila mtu aliliita zima. Mimi peke yangu sikuliita hivyo. Kila nilipoona foleni mbele nilizima redio na kushusha kioo nisikilize mngurumo. Kilichokuwa kinanikera si ubovu, maana ubovu haukuwepo. Ni kule kupona kusikokuwa na sababu.

## Gari la zama mbili

Ni gari la mwanzoni mwa miaka ya 1990, la petroli, silinda 4, lita 1.6, gia za mkono. Lina injekta za kupulizia petroli na kompyuta, lakini cheche bado inagawiwa na distributa kama zamani. Mtu akisema "lisafishe kabureta," halina. Mtu akisema "lichomeke mashine ya kusoma makosa," halina pa kuchomeka. Ile soketi ya aina moja kwa magari yote, ambayo Marekani iliilazimisha kuanzia modeli za 1996, lilizaliwa kabla yake.

Dalili zake mwenye gari la zamani atazitambua kabla sijamaliza sentensi. Likiwa baridi linawaka mara moja. Linatembea vizuri, linapanda mlima bila kulalamika. Likishapata moto, hasa likikaa kwenye foleni mchana, linakata ghafla, utadhani mtu kageuza ufunguo. Au unalizima kwa dakika chache, unarudi, halitaki. Ukilisubiri lipoe, linawaka na kukuacha ukionekana mzushi.

Hilo la kugoma baada ya kuzimwa kwa muda mfupi lina maelezo yake. Injini ikizimwa ikiwa na moto, maji hayazunguki tena na upepo haupiti, lakini chuma cha silinda hedi bado kiko kwenye nyuzi 90 hivi. Joto lote lile linapanda na kuingia katika vile vilivyofungwa pembeni yake: distributa, koili inayokuza umeme wa betri uwe cheche, soketi, nyaya. Kwa dakika kumi au ishirini za mwanzo, chini ya boneti kunazidi kuwaka moto injini ikiwa imenyamaza. Kifaa kinachochukia joto kinateseka zaidi hapo kuliko barabarani.

Paa linalovuja hulitafuti kiangazi. Ubovu wa namna hii nao una msimu wake, na msimu wenyewe ni mfupi: unaanza gari likikata na unaisha likipoa. Ukipima nje ya msimu huo, kila kitu ni kizima. Kila kitu kweli ni kizima.

## "Badilisha tu koili, kaka"

Fundi ninayemwamini hakusubiri nimalize kueleza. "Badilisha tu koili, kaka. Hizo zikipata moto koili ndiyo inakufa." Mwingine akasema pampu ya mafuta. Wa tatu akasema rilei ya pampu, ile swichi ndogo inayoiwasha, akanielekeza hadi ilipo. Kila mmoja alishakutana na gari lenye dalili hizihizi, akabadilisha alichokitaja, likapona.

Hakuna aliyedanganya, na hapo ndipo pagumu. Koili kweli hufa kwa moto. Pampu iliyochoka brashi kweli hukwama ikipata joto. Rilei yenye ufa mwembamba kwenye lehemu kweli hukatika mchana na kuungana usiku. Ignaita, ile swichi ya elektroniki inayokata na kuunga umeme wa koili, nayo haipendi moto. Yote ni majibu sahihi, kwa magari tofauti.

Kitu kimoja tu nilikiondoa mapema: petroli kuchemka ndani ya mipira na kuziba njia kwa mvuke. Huo ulikuwa ugonjwa wa kabureta, ambako pampu inasukuma kwa presha ndogo sana, chini ya nusu ya baa. Kwenye injekta petroli inakaa kwenye karibu baa 3, na kwa presha hiyo si rahisi ichemke.

Sina ugomvi na fundi. Ana magari yanayomsubiri, na ana kabati lenye koili nzima aliyoitoa kwenye gari linalojulikana. Kuifunga koili hiyo kwa siku moja na kuona ni kipimo kizuri tu, tena cha haraka. Mimi sina kabati. Spea ninayoibahatisha lazima niinunue, na isipokuwa yenyewe nabaki na ubovu uleule pamoja na kifaa kipya ambacho nacho itabidi nikishuku. Spea mpya mbovu zipo nyingi, tusidanganyane.

Nilichonacho nyumbani ambacho yeye hana ni muda. Gari langu linaweza kushinda limegoma mbele yangu mchana kutwa na hakuna mteja atakayepiga simu kuuliza limefikia wapi. Huo ni utajiri, na sisi tunaojitengenezea magari nyumbani tunautumia vibaya: tunaiga haraka ya gereji bila kuwa na kabati lake.

## Sindano ilikuwa wapi?

Nyumba ya pili kutoka kwangu anakaa mzee aliyefanya umakanika enzi za pointi na kondensa. Alikuja akaegemea ubavu wa gari, akasikiliza maelezo yangu marefu, halafu akauliza kitu kimoja.

"Mwanangu, lilipozima, sindano ya mizunguko ilikuwa wapi?"

Sikuelewa anachotafuta.

"Uko kwenye mwendo, gia imo, injini imekata. Sindano ilishuka taratibu pamoja na gari, au ilidondoka?"

Nilimwambia sikuangalia. Nani anaangalia sindano gari linapomfia katikati ya barabara?

"Basi safari ijayo angalia," akasema, akaondoka zake.

Nilikaa na swali lile hadi likafunguka. Kwenye magari mengi ya umri huu, sindano ya mizunguko haihesabu moja kwa moja mizunguko ya kranki, ule mhimili mkuu wa injini. Inahesabu mapigo ya umeme kwenye upande wa koili: kila umeme unapokatwa ili cheche iruke, sindano inapata pigo moja. Injini ya silinda 4 ikiwa kwenye mizunguko 3000 kwa dakika, koili hiyo moja inapiga mara 100 kila sekunde.

Sasa chukua hali mbili. Mafuta yakikatika gari likiwa kwenye gia, magurudumu yanaendelea kuisukuma injini, cheche zinaendelea kuruka hewani bila kazi, na sindano inashuka polepole sambamba na mwendo. Mara nyingi injini inakohoa na kushtuka kabla ya kufa. Lakini umeme wa koili ukikatika, sindano inaanguka hadi sifuri palepale wakati injini bado inazungushwa na magurudumu. Hakuna kukohoa. Ni kimya cha ghafla.

Swali la mzee lilikuwa linaipasua orodha yangu katikati, tena bila kufungua hata nati moja.

Tatizo likawa kusubiri. Niliendesha nikilitamani gari lizime, jambo ambalo nilishindwa kumweleza mke wangu kwa maneno yenye heshima. Na siku moja mchana, kwenye mteremko, gia ya tatu, likakata. Niliangalia. Sindano ilikuwa imelala kwenye sifuri, na injini bado inavutwa na magurudumu.

Nilifurahi, nakiri. Pampu, filta, injekta na mpira wowote wa petroli vilitoka kwenye orodha siku ileile.

## Kompyuta isiyojua kwamba kuna tatizo

Nililisogeza pembeni, nikatoa vitu nilivyoanza kutembea navyo: mita, taa ya kupimia, na taa ndogo ya kuchomeka kwenye soketi ya injekta. Stata ikizungusha, sindano haikunyanyuka hata kidogo. Kwa kawaida hujitikisa na kuonyesha mizunguko michache. Umeme wa kuingia koili ulikuwepo, taa iliwaka vizuri. Taa ya injini kwenye dashibodi iliwaka ufunguo ulipofunguliwa, maana yake kompyuta ilikuwa inapata chakula chake. Ila taa ya kwenye soketi ya injekta haikumweta.

Cheche hakuna. Injekta nazo hazifunguki.

Hivi viwili vikikosekana kwa pamoja, unarudi nyuma kutafuta mahali vinapokutana. Vinakutana kwenye kompyuta, na kompyuta inaanza kazi baada ya kuambiwa kwamba injini inazunguka. Anayeiambia ni pikapu: koili ndogo ndani ya distributa, iliyokaa pembeni ya gurudumu lenye meno. Kila jino likipita, sumaku inabadilika na waya unazalisha umeme kidogo. Ni kanuni aliyoionyesha Michael Faraday mwaka 1831, bila transista, bila kupewa umeme kutoka betri. Waya wenyewe ni mwembamba kama unywele, umezungushwa mara nyingi, na uko ndani ya kopo la chuma lililofungwa kwenye silinda hedi.

Kwenye magari haya unaunganisha pini mbili za soketi iliyo chini ya boneti, kisha unahesabu taa ya injini inavyomweta ili usome makosa yaliyohifadhiwa. Nilifanya hivyo. Ilimweta sawasawa bila kukatika, yaani hakuna kosa.

Mwanzoni jibu hilo liliniyumbisha. Kama pikapu imekufa, kompyuta ingekosaje kujua? Lakini fikiria kwa upande wake. Pikapu ikinyamaza, kinachofika kwenye kompyuta ni sawa kabisa na injini iliyosimama. Na injini ikisimama, kazi yake ni kukata cheche, kufunga injekta na kuzima pampu, ili petroli isiendelee kusukumwa kama gari limegonga. Ilifanya kazi yake barabara. Zipo kompyuta zinazoandika kosa zikiona stata inazungusha bila taarifa ya mizunguko. Yangu haikuandika.

Bado sikuwa na hukumu. Kuna mifumo ambayo ignaita inatakiwa kuijibu kompyuta kila baada ya cheche, na jibu lisipokuja, injekta zinafungwa vilevile. Ignaita ikifa, dalili zinafanana. Kwa hiyo nilibaki na washukiwa wawili, na wa tatu anayenyemelea: soketi ile niliyoichomoa na kuirudishia siku ile ya kwanza. Huenda pini yake ilikuwa na kutu, nami nikaisugua bila kukusudia. Huenda injini ilipoa tu wakati nahangaika. Huenda niliutikisa waya. Maelezo matatu, yote yanalingana na nilichokiona.

Kabla sijaiweka mita kwenye pikapu, gari likawaka.

## Mita na mipaka yake

Nilianza na koili kwa sababu ndiyo iliyotajwa na wengi. Upande wa umeme mdogo ulisoma chini kidogo ya omu 1, baada ya kutoa upinzani wa nyaya za mita yenyewe, ambazo ukizigusanisha tu zinasoma kama omu 0.2. Upande wa umeme mkubwa ulisoma kiloomu zinazoeleweka. Kwa kitabu, koili nzima.

Siamini kipimo hicho peke yake, na nadhani hakuna anayepaswa kukiamini. Mita inapima kwa volti chache za betri yake. Koili ikiwa kazini inazalisha maelfu kwa maelfu, 20,000 si ajabu. Ngozi ya waya ndani yake inaweza kuhimili volti za mita maisha yake yote na kupasuka pale umeme halisi unapokuja. Mita ikisema koili ni mbovu, ni mbovu. Ikisema ni nzima, umeambiwa tu kwamba waya haujakatika.

Pikapu ni tofauti, maana yenyewe haiishi kwenye volti kubwa. Ubovu wake wa kawaida ni waya kukatika, na waya uliokatika mita inauona. Ila lazima uwe umekatika wakati unapima. Ya kwangu ilisoma omu 220 ikiwa baridi. Usomaji mzuri tu. Pia hauna maana yoyote, kwa sababu ikiwa baridi gari halina tatizo.

## Kuuita ubovu uje

Hapo ndipo mawazo yangu yalipogeuka. Nilikuwa nausubiri ubovu barabarani, kwa masharti yake: jua, foleni, mteremko. Lakini kama sababu ni joto, joto naweza kulitengeneza. Tena naweza kulipeleka kwa mshukiwa mmoja mmoja, kitu ambacho barabara haiwezi kukifanya, kwa sababu barabarani vyote vinapata moto kwa pamoja.

Nikaazima mashine ya kukaushia nywele.

Kabla sijaendelea: gari lilikuwa nje, uwanjani, si ndani ya chumba cha kuegeshea. Moshi wa petroli una gesi ya kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi, na imeua watu waliotaka tu kuiacha injini inguruma kidogo mlango ukiwa umefungwa. Nilikagua kwanza kwamba hakuna mpira unaotokwa na petroli, kwa kuwa mashine ile ndani yake ina waya mwekundu wa moto. Na nyaya za plagi sizishiki injini ikiwa inanguruma, hata zikiwa mpya.

Nikawasha gari asubuhi likiwa baridi. Nikaanza na ignaita, hewa ya moto ikiipiga yenyewe tu, hadi bati lake likawa halishikiki. Injini haikujali. Nikangoja ipoe. Nikahamia kwenye koili. Haikujali.

Kisha distributa.

Kwa muda hakuna kilichotokea na mkono ukaanza kuuma. Halafu sindano ikarukaruka mara moja, ikarudi, ikadondoka. Kimya. Nikageuza ufunguo: stata inazungusha, sindano imelala. Ule ugomaji wa mchana wa foleni, sasa ulikuwa uwanjani kwangu asubuhi, rejeta ikiwa bado vuguvugu.

Nikazima mashine na kuiweka mbali, nikafunika distributa kwa kitambaa kilicholowa. Baada ya kupoa, ikawaka. Nikapasha tena. Ikakata tena. Sijui kama nimewahi kuchekelea gari kuzima namna ile.

Mzee alikuwa amesimama kwenye uzio anaangalia. "Sasa unalijua," akasema.

Si kabisa. Ndani ya distributa kuna pikapu, lakini kuna pia kofia, rota, na kipande cha nyaya hadi kwenye soketi. Sindano kulala kulishawaachia huru kofia na rota, kwa kuwa vyenyewe vinashughulika na cheche baada ya koili. Zikabaki pikapu na nyaya zake. Nikazima ufunguo, nikachomoa soketi, nikabana nyaya za mita kwenye pini mbili za pikapu, waya wa kupimia joto nikaugusisha kwenye bati la distributa, nikaanza kupasha.

220. 235. 250.

Ilipofika 265 niliingiwa na wasiwasi. Je, huku kupanda ndiyo ubovu wenyewe? Nikapiga hesabu kwenye kipande cha boksi. Shaba huongeza upinzani kwa takriban asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya joto. Kutoka nyuzi 25 hadi 80 ni nyuzi 55, yaani ongezeko la asilimia 21 hivi. 220 inatakiwa ifike karibu na 267. Ilikuwa inafanya kile ambacho shaba yoyote nzima ingefanya. Ningekuwa na haraka ningeihukumu kwa namba hiyo na ningekuwa sahihi kwa sababu isiyo sahihi.

Nikaendelea. Sekunde chache baadaye namba ikapotea, mita ikaandika OL. Waya umekatika. Nikatikisa nyaya za soketi, nikazipinda, bado OL. Nikagonga bati kwa mpini wa bisibisi: 270 ikarudi kwa kufumba na kufumbua, ikapotea tena. Kilipopoa, 220, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Ufa ulikuwa ndani ya pikapu. Joto linatanua, ncha mbili zinaachana. Baridi inazirudisha pamoja.

## Kipya nacho kipashwe moto

Pikapu mpya ilipokuja niliiweka mezani na kuifanyia yaleyale kabla haijagusa gari. Ilianza kwenye omu zinazokaribiana na ile ya zamani, ikapanda kama shaba inavyopanda, ikapita joto lililoiua mwenzake, haikukatika. Nikaipasha ya zamani kando yake kwa mara ya mwisho. Ikakatika. Watu watasema ni kupoteza muda, na kwa gereji ni kweli. Lakini bila kuipasha mpya, nilichokuwa nacho ni boksi lenye plastiki safi na imani.

Kuichomoa distributa kunataka utulivu kuliko nguvu. Niliweka alama mbili kwa rangi: ilipokaa kwenye silinda hedi, na rota ilipoelekea. Zenye gia za mshazari hujizungusha kidogo wakati wa kutoka, basi unaweka alama tena rota inapoishia. Na distributa ikiwa nje, hakuna mtu kugusa stata. Nilichomoa waya wa betri na kumweka mtoto wa jirani mlinzi wa ufunguo, cheo alichokifurahia mno. Baada ya kufunga nikaweka taiming, yaani wakati wa cheche kuruka, kwa taa yake, nyuzi 10 za mzunguko wa kranki kabla ya pistoni kufika juu, kama kibandiko cha chini ya boneti kinavyosema, kompyuta ikiwa imefungiwa isijirekebishie yenyewe.

Nilitaka nifunge ile mbovu tena kwa siku moja, gari lizime, kisha nirudishe mpya. Huo ndio ungekuwa ushahidi usio na mwanya. Mzee alinitazama kwa muda mrefu.

"Ufungue tena distributa ili ulirudishie ubovu?"

Sikufunga. Ila sijakubali kwamba alinishinda kwa hoja. Mezani nimepima joto. Mtikisiko wa injini na barabara sijaupima. Nilichonunua kwa kutoifunga ni mchana mmoja, na nilichokiacha ni shaka ndogo ambayo naweza kuishi nayo.

## Vilivyojitokeza njiani

Wakati nawinda pikapu nilipima pia waya wa ethi kati ya injini na betri, stata ikiwa inazungusha. Ulikuwa unapoteza volti 0.5, wakati muungano mzuri hautakiwi kuzidi 0.2 hivi. Haukuwa na uhusiano na kuzima kwa gari. Nimeubadilisha hata hivyo, na stata sasa inazungusha kwa moyo. Rilei ya pampu sijaifungua. Nataka niiangalie lehemu yake kwa lenzi siku yenye mwanga mzuri.

Nilimpigia fundi kumweleza. Alisikiliza hadi mwisho safari hii.

"Safi, kaka. Ila hiyo koili bado ningeibadilisha."

Na siwezi kusema amekosea. Ni koili ya umri wa gari, na nilichothibitisha ni kwamba haikuhusika na kesi hii, basi. Nimenunua moja, iko kwenye buti, haijafungwa. Koili ikija kufa kwa ndani, upande wa umeme mkubwa, ignaita itaendelea kukata na kuunga kama kawaida, na mapigo yataendelea kufika kwenye dashibodi. Siku gari likizima huku sindano bado inahesabu, nitaanzia kwenye buti.